Je, Tumtembelee na Aliyejitakia?

Fungua Yohana 5:1-15.

Wiki iliyopita ndugu wawili walikwenda kumwona mzee anayeishi peke yake kwa chumba cha kupanga hapa Kitengela. Dawa zake za presha zilikuwa mezani, hazijaguswa. "Nimeze ili nani ajue?" akawauliza. Waliporudi na habari hiyo, mshirika mmoja alisema wazi: huyo aliacha bibi na watoto kule Kajiado miaka mingi, sasa anavuna alichopanda. Mnahangaika naye ya nini?

Tusilidharau swali hilo. Wagalatia 6:7 iko. Na mama aliyelea watoto pekee yake ana haki ya kulia.

Lakini mwangalie yule mgonjwa wa Bethzatha. Miaka 38 ya ugonjwa, na alipoulizwa kama anataka kupona hakutaja mguu wala mgongo. Alilalamika kwamba hana mtu. Yesu alimponya kwanza. Neno la dhambi lilikuja baadaye, mstari wa 14, walipokutana hekaluni. Sisi tunageuza: tunataka toba mlangoni ndipo tuingie na unga.

Na hii si habari ya roho tu. Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, na kwamba unaongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Serikali kupitia Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa inasaidia, ila haiketi na mtu jioni. Kina mama wana chama, wana ushirika wao. Mwanamume akiacha kazi, marafiki wa kazini wanapotea, na haya inamfunga mdomo. (Nimeangalia orodha yetu ya ziara: wajane wamo, mzee wa kiume hata mmoja hayumo.)

Kumtembelea si kumwambia bibi yake amrudie. Hilo ni lake na Mungu wake, asisukumwe na mtu, hata mchungaji.

Alhamisi ndugu wale walirudi, wakanywa chai naye, wakahesabu vidonge. Viwili vilikuwa vimepungua. Akauliza kama kuna anayejua habari za kitinda mimba wake kule Kajiado. Hawakuwa na jibu. Walimwambia watakuja tena Jumanne.