Nani Alomwekea Sahani?

Nilianza na makombo ya chapati, sahani juu ya ukuta wa nyuma, huku kwetu Kisauni. Nilikuwa nawataka kwera, wale wa manjano wanaosuka viota kwenye mnazi wa jirani. Wakaja. Wiki ya pili wakaja kunguru, nikasema sawa tu, kila mtu na riziki yake.

Halafu asubuhi moja nikamwona kunguru akitoa kinda kiotani kama mtu anayetoa njugu mfukoni.

Kunguru hawa asili yao Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale taka, wakasambaa mwambao mzima. Yaani walialikwa. Mwaka 2024 serikali yetu ikatangaza mpango wa kuwaua milioni moja.

Nami nilikuwa namlaani yule ndege kwa sauti, mpaka bibi akacheka: "Mjukuu wangu, nani alomwekea sahani?"

Swali hilo limenikaa. Nilidhani wema ni kutoa tu, yanayofuata si yangu. Lakini kwera hakuniomba chapati. Mimi ndiye niliyetaka kumtazama nikinywa chai. Starehe yangu, gharama akalipa kinda.

Sahani nimeondoa. Pipa la taka nimelifunika, na nyasi za uani nimeziacha zitoe mbegu. Ndege wanaokuja ni wachache, tena wadogo, wanajificha humo humo. Picha siwapati. Basi, labda ndiyo maana naamini safari hii nimewapa wao.