Michi Miwili, Kinu Kimoja

Wanawake wawili wa Kigogo wakitwanga uwele kwenye kinu kimoja hawahesabu. Mmoja anapoinua mchi, mwenzake anashusha. Huku wanapiga soga, wanacheka, na mapigo hayapotei. Wangeshusha pamoja, michi ingegongana.

Wanasaikolojia wameuchunguza ulinganifu huu wa miili. Mwaka 2009, Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliotangulia kutembea kwa hatua zinazolingana walishirikiana zaidi baadaye kuliko waliotembea kila mmoja kwa mwendo wake. Ni rahisi basi kuamini kwamba kwenda pamoja ni wema.

Mimi nasita. Miili hulingana hata kwa woga. Bosi akicheka kikaoni, meza nzima inacheka. Akinyamaza, vicheko vinakatika. Anayetazama kwa mbali angedhani hao ni marafiki. Kwa hiyo kulingana peke yake hakutuambii kama pana haki. Tuulize: ni nani aliyebadili mwendo wake ili tulingane?

Kinuni jibu linaonekana. Binti anayejifunza akiingia na mchi wake, mama aliyezoea ndiye anayepunguza kasi, kwa sababu yeye ndiye anayeweza. Mwanafunzi hana mwendo wa kupunguza. Nadhani hapo pana kanuni: mzigo wa kulingana umwangukie mwenye uwezo zaidi. Mteja anayechuchumaa mbele ya mama aliyeketi chini akiuza mlenda sokoni Majengo anaifuata bila kuitaja.

Kanuni hii inatuhusu sana hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, mji umejaa watu wa haraka. Mzee kutoka kijijini anafika dirishani, anaanza na “mbukwenyi”, anataka kuulizia afya na nyumbani kabla ya kusema shida yake. Karani amekwisha kunyoosha mkono kupokea karatasi. Mzee anajifunza kukatisha salamu, na foleni inasogea vizuri. Miili yao imelingana, lakini aliyebeba gharama yote ni mzee.

Mtu atasema foleni ni ndefu, na waliosimama nyuma nao wana haki. Ni kweli. Lakini kuitikia salamu na kumtazama mtu usoni kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta muhuri.