Pumzi ya Mtoto ni Amana ya Nani?

Kila asubuhi twanywa chai, na ni wachache miongoni mwetu waulizao imetoka wapi. Tangu mwaka 1969 mnada wa chai umekuwa Mombasa, na katika majani yapitayo hapo yamo ya Kericho na Bomet. Yatupasa basi tuwatazame watoto wa wale waichumao.

Nchi ile ni ya juu, yenye baridi na mvua nyingi, na majiko mengi ni ya kuni. Baridi na moshi ni katika mambo yaichocheayo pumu kwa mtoto aliye nayo. Maradhi haya hayaambukizi, wala si aibu. Iko dawa ya kuvuta ifunguayo njia za pumzi kwa dakika chache, na iko nyingine itumiwayo kila siku kuzuia uvimbe ndani ya njia hizo. Dawa zajulikana. Ugumu uko kwa watu.

Mtoto huyu alfajiri yuko kwa mamake, mchana yuko kwa mwalimu, na akizidiwa yuko kwa tabibu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, zahanati ni za serikali ya kaunti, na shule za msingi ni za serikali kuu. Na katika mashamba ya makampuni, nyumba anayolala aghlabu ni ya kampuni. Basi akikosa pumzi darasani saa nne ya asubuhi, lawama ni ya nani?

Tabibu atasema: "Dawa nilimpa." Mama atasema: "Hospitali nilimpeleka, na shuleni yuko mwalimu." Mwalimu atasema: "Sikuambiwa, nami si tabibu, nikimpa dawa akadhurika nitashitakiwa." Wote watatu wasema kweli, na mtoto yungali akihema. Hapana budi tukiri kwamba yawezekana kila mtu awe mkweli katika udhuru wake, na bado dhuluma ikatendeka.

Wazee walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini hapa hakuna anayegombea usukani. Kila mmoja adhani umo mkononi mwa mwenziwe.

Sisi twaona hivi: dhamana ya watu wengi haigawanyiki kama mkate. Ampaye mwenziwe mzigo gizani hauachilii mpaka ahisi kuwa mkono wa pili umeushika. Kwa kipimo hicho, tabibu hajamaliza kazi yake mpaka aandike karatasi moja kwa lugha nyepesi: dawa ni ipi, huvutwa mara ngapi, na dalili za hatari ni zipi, kama mbavu kubonyea ndani au mtoto kushindwa kumaliza maneno, kisha apelekwe wapi. Mzazi hajamaliza mpaka karatasi hiyo imfikie mwalimu, wala asiifiche kwa kuona haya. Mwalimu naye hajamaliza mpaka kibomba cha dawa kiwe mahali pa kufikiwa upesi, si kabatini kwa mwenye ufunguo aliyesafiri. Hata chombo cha kumsaidia mtoto kuvuta dawa si cha gharama: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa sawasawa, yafaa kama kile cha kununua.

Huenda mtu akasema kwamba mzazi ndiye wa kwanza kudaiwa. Ni kweli. Lakini mchuma chai hulipwa kwa kilo, na siku ya kukaa foleni ni siku isiyo na ujira. Kumwachia yeye peke yake kukimbia baina ya zahanati na shule ni kumtwika mzigo mzito aliye dhaifu kuliko wote, na hiyo si haki. Wahudumu wa afya ya jamii, wapitao nyumba kwa nyumba, waweza kuifikisha karatasi ile shuleni. Na msimamizi wa shamba aweza kumpa mama ruhusa bila kumkata ujira.

Wala jambo hili si la bara tu. Pumu imo humu mitaani mwetu. Ewe msomaji mwenye mtoto wa pumu, je, mwalimu wake ajua? Na dawa yake, saa hii, iko wapi?