Je, Asiyejua Ana Lawama?

Ndugu msomaji, mtu atendaye madhara pasipo kujua, je, ana lawama? Na akiisha kujulishwa, hali yake inakuwaje? Maisha ya tabibu mmoja yatatusaidia kulijibu swali hili.

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchini Hungaria. Mwaka 1846 akawa msaidizi wa profesa katika hospitali kuu ya Vienna, akiwafundisha wanafunzi wa udaktari kazi ya kuzalisha. Palikuwa na wadi mbili za wazazi: ya kwanza ya wanafunzi hao, ya pili ya wakunga. Mwaka huo, katika kila wazazi 100 wa wadi ya kwanza, walikufa 11 hivi, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika 3. Wanawake walilijua jambo hilo, wakasihi kwa machozi wasipelekwe katika wadi ya kwanza.

Mwezi wa Machi 1847, rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi katika kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile. Hapo Semmelweis akatambua ukweli mchungu: yeye na wanafunzi wake walitoka kwenye maiti wakaenda kwa wazazi, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu.

Hata hivyo maprofesa wengi walikataa. Ni kweli kwamba hakuweza kuwaonyesha kitu chenyewe kilichobebwa, wala hakuandika kitabu chake kwa miaka mingi. Lakini hesabu ya makaburi ilikuwa mbele ya macho yao. Kukubali kulimaanisha kukiri kwamba mikono iliyosifiwa kwa uponyaji ilikuwa imeua. Semmelweis alikiri hivyo juu yake mwenyewe, tena kwa maandishi.

Basi jibu la swali letu ni hili. Dini na akili zote zakubali kwamba asiyejua ana udhuru. Lakini udhuru huo hukoma siku ushahidi unapomfikia. Tangu hapo, anayeendelea kwa sababu tu aona haya kukiri kosa la jana, hulifanya kosa hilo kuwa dhambi ya leo.

Naye mwenye ukweli ana wajibu wake. Semmelweis, akiwa profesa katika mji wa Pest, aliwaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Uchungu wake waeleweka. Lakini aliyeaibishwa mbele ya watu hufunga masikio. Alikufa tarehe 13 Agosti 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, mwenye umri wa miaka 47. Mwaka 1879 Louis Pasteur alionyesha kijidudu cha homa ile.

Ewe utafutaye haki, huenda nawe umeletewa jambo linalopinga mazoea yako ya miaka mingi. Usiulize kwanza, "Watu watanionaje?" Uliza, "Je, ni kweli?" Na ukiisha kunawa mikono yako, usimtukane ambaye bado hajanawa, mwonyeshe maji yalipo.