Mlango Uliofungwa Mapema

Familia moja ya Nairobi inayokaa ghorofa ya tatu ilinunua mtoto wa mbwa wa miezi miwili, na siku hiyo hiyo ikanunua kizimba cha waya chenye makomeo mawili na trei ya plastiki chini. Baba alikuwa ameona kwenye video za Wamarekani jinsi mbwa anavyoingia kizimbani mwenyewe, akajikunja na kulala kimya. Kazi iliyofanyika kabla ya kamera kuwashwa hakuiona. Usiku ule wa kwanza, kijibwa akiwa ndiyo kwanza ametenganishwa na mama yake, wakamsukuma ndani, wakakomea, wakazima taa.

Alilia mpaka alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi baba na mama wakatoka ili kuukwepa msongamano wa magari, watoto wakapanda basi la shule, na kizimba kikabaki kimefungwa hadi saa kumi na mbili jioni.

Wafugaji wa mbwa wana kipimo chao cha kukadiria: chukua umri wa kijibwa kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia haja ndogo mchana. Wa miezi miwili ana saa 3, tena kwa taabu. Huyu alipewa karibu 12. Kizimba humfundisha mbwa usafi kwa sababu moja tu, kwamba kwa asili yake hapendi kuchafua mahali anapolala. Akilazimishwa kulalia mkojo wake siku baada ya siku, ile aibu huisha, na kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kumfundisha mbwa ambaye hajaharibiwa. Jioni mama alimkuta amelowa mpaka tumboni. Baba akamtoa, akamkaripia, kisha akamrudisha mle mle ndani ili ashike adabu. Hapo ndipo panaponiuma zaidi katika kisa hiki. Pahali palipokusudiwa kuwa kitanda pakageuzwa jela, na kijibwa hakuwa na namna ya kujua kosa lake ni lipi.

Askari wa getini alijaribu kusema. "Mama, huyo mtoto wa mbwa hulia mpaka sauti inakauka. Kwenye saa nane hivi ndiyo hunyamaza."

"Afadhali," mama akajibu, "basi ameanza kuzoea."

Hakuwa amezoea. Mbwa aliyezoea hula kilichomo ndani, hutafuna mfupa wake, hujinyoosha akalala ubavu. Huyu chakula hakukigusa, kifua chake kilikuwa kimelowa udenda, na alihema kwa kasi hata jioni za baridi. Kila dalili ilikuwa mbele ya macho yao, lakini walisikiliza ukimya peke yake.

Wiki ya tatu wakarudi wakakuta waya umepinda, chonge moja imevunjika, damu kwenye makucha, na mkanda wa shingoni umenasa kwenye waya hata kijibwa hawezi kugeuza kichwa. Mkanda huvuliwa kabla mbwa hajafungiwa, kila mara, hata kama ni kwa dakika chache. Mbwa huweza kujinyonga nao. Mtoto wao wa darasa la pili akapenyeza mkono ili amwokoe, na kijibwa, kwa maumivu na hofu, akamng'ata.

Kijibwa alikuwa bado hajachanjwa kichaa cha mbwa. Jirani wa ghorofa ya chini, nyanya mmoja aliyelelewa penye mbwa wengi, akamshika mtoto mkono, akauweka chini ya mfereji na kuusugua kwa sabuni kwa dakika 15 nzima, huku wazazi wakihimiza waende hospitali. "Ngojeni kwanza, wanangu. Maji ndiyo ya kwanza." Alikuwa sahihi. Dalili za ugonjwa ule zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo jeraha huoshwa papo hapo, kisha mtu hukimbizwa kupata chanjo. Mtoto alidungwa sindano zake zote, na akawa salama.

Daktari wa mifugo alipomaliza kuutazama mdomo wa kijibwa alimwambia baba: "Mzee, kizimba hakina kosa. Nyinyi mlianza na mlango, na mlango huja mwisho." Akamwagiza aung'oe kabisa. Bakuli la chakula liwekwe mlangoni kwanza, kisha kila siku lisogezwe ndani kidogo. Chini patandikwe kitu kikavu chenye harufu ya watu wa nyumbani. Mbwa aingie na kutoka apendavyo, wala mtoto yeyote asimfuate humo. Akishakuwa anaingia bila kuitwa, mlango urudishwe na ufungwe wakati anakula tu, kisha dakika moja zaidi, kisha tano, mtu akiwa amekaa hapo hapo. Na kila anapoamka au kumaliza kula, atolewe nje kujisaidia.

Kazi hii inataka mtu aliyepo nyumbani, na hakuna kizimba cha bei yoyote kitakachoshika nafasi yake. Uswidi, sheria haimruhusu mwenye mbwa kumfanya aishi kizimbani ndani ya nyumba. Kizimba kimeachiwa safari na shughuli chache maalum. Mimi sisemi kila mmoja afike huko. Ila nyumba isiyo na mtu kuanzia asubuhi hadi jioni haiwezi kulea mbwa wa miezi miwili, na wenyewe wangelijua hilo mapema wangengoja.

Mama aliomba likizo, kisha wakapatana na yule nyanya awe anamtoa kijibwa mchana. Usafi ulirudi taratibu. Sasa ni mbwa mkubwa, na hulala miguuni pa yule yule mtoto aliyemng'ata. Lakini mlango hawakuweza kuufunga tena. Akisikia komeo tu hutetemeka na kutokwa udenda. Alipofanyiwa upasuaji wa mguu na kutakiwa atulie mahali padogo, jambo ambalo kizimba hulifaa hasa, ilibidi wazazi wapokezane zamu usiku, mmoja akiwa amelala sakafuni na mkono juu ya mgongo wake ili asisimame.