Anko, Wimbo Huu Si Ule Ule?

Mpwa wangu ana masikio makali na hayaonei mtu haya. Jumapili moja tulikwama kwenye foleni ya Ubungo, redio ya gari ikipiga zilipendwa, nami nagonga usukani na kuimba nusu ya maneno, nusu nyingine nikiyabuni. Ulipoisha wimbo wa tatu akavua hedifoni sikio moja na kuniuliza: "Anko, wimbo huu si ule ule wa mwanzo?"

Nilitaka kumkemea, lakini hebu tuusimulie huo wimbo. Gitaa la solo linaanza peke yake, besi inafuata, tarumbeta na saksafoni zinapiga hodi. Mwimbaji analalamika taratibu: mpenzi kamwacha, ndugu wanamwandama, walimwengu hawana jema. Wenzake wanamwitikia kwa sauti mbili tatu zilizopangwa vizuri. Kisha, dakika ya tatu au ya nne, ngoma zinachangamka, maneno yanapungua, gitaa linashika kijimstari kimoja na kukirudia mpaka wachezaji waloe jasho. Nimekusimulia wimbo gani? Nimekusimulia sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1970 na 1980. Kijana asiyekulia ndani yake anasikia mtambo unaotoa bidhaa moja.

Kwa hiyo rika langu, tunaokaa barazani tukisema Bongo Fleva ni wimbo mmoja unaobadilishwa jina kila Ijumaa, inabidi tuanzie hapo. Kutunga kwa kanuni moja hatukuletewa na kompyuta. Dansi yenyewe ilianza kwa kuiga: santuri za Cuba zenye alama ya GV, zilizoanza kusambazwa Afrika miaka ya 1930, ndizo zilizowafundisha babu zetu rumba, na Salum Abdallah wa Morogoro hakuona aibu kuiita bendi yake Cuban Marimba. Taarabu nayo iliazima Misri na India bila kuficha. Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kubwa kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye tuni za filamu za Kihindi, na hakuna mpenzi wake aliyeona ameibiwa. Watu walikuja kusikiliza alivyolisema jambo, tuni waliijua tangu sinema.

Na ukienda nyuma zaidi unakutana na ushairi. Mistari minne, mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, halafu kibwagizo kinarudi kila ubeti bila kubadilika hata herufi. Mtu wa pwani aliyeona hilo ni uvivu wa mtunzi simjui. Kanga ziko hivyo hivyo: pindo, mji na jina, na hata ukifungua gora mia hutakuta iliyokiuka mpango huo, lakini mwanamke anayezijua atakwambia ipi imetoka juzi, ipi ya zamani, na ipi jirani kaivaa makusudi ili asomwe. Sisi kurudia hakujatusumbua kamwe.

Wazungu wamejaribu kulipima jambo hili kwa hesabu, kwa muziki wao. Mwaka 2012 watafiti wa Barcelona walichapisha uchambuzi wa rekodi 464,411 za miaka ya 1955 hadi 2010, wakakuta njia za kuhama kutoka noti moja hadi nyingine zimepungua, milio ya ala imezidi kufanana, na sauti imezidi kupandishwa. Magazeti yakashangilia: sayansi imethibitisha aliyoyasema baba. Miaka mitatu baadaye watafiti wa London wakachambua nyimbo kama 17,000 zilizoingia chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani kati ya 1960 na 2010, wakasema hawaoni muziki ukisinyaa moja kwa moja. Waliona mageuzi matatu makubwa, 1964, 1983 na 1991, na wakaona kipindi ambacho nyimbo zilifanana kuliko wakati mwingine wowote: katikati ya miaka ya 1980, mashine za ngoma zilipotapakaa. Yaani miaka ile ile ambayo Wamarekani wa rika langu huililia.

Nawaamini wote wawili kwa kiasi chao, kwa kuwa kila mmoja alipima kitu chake. Ila kipimo ninachokitafuta mimi hakimo kwenye meza zao. Nauliza hivi: kanuni hiyo ni ya nani?

Enzi za bendi, jibu lilijulikana na lilipiganiwa. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, jina walilolichukua kwenye ngoma ya Wazaramo. NUTA, waliopita majina ya JUWATA na OTTU, walikuwa na Msondo. Maquis walikuwa na Kamanyola, Safari Sound walikuwa na Ndekule. Huo ulikuwa mtindo wa bendi, na bendi isiyo na mtindo haikuhesabiwa kuwa bendi. Mpwa wangu anasikia nyimbo tatu zinazofanana. Mtu wa Kariakoo wa mwaka 1982 angetambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa kwamba hii ni Sikinde na ile ni Msondo, kwa jinsi tarumbeta zilivyojibizana na gitaa la pili lilivyojaza nafasi. Mashabiki walibishana mpaka kununiana. Mwaka 1985 mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walipoihama Sikinde kwenda Safari Sound, lilikuwa jambo la mji mzima, kama ilivyo leo mchezaji akihama Yanga kwenda Simba.

Tofauti hiyo ilikuwa na sababu za kawaida kabisa, na ndizo watu husahau wanapozungumzia vipaji vya zamani. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, wanalipwa mshahara wapige au wasipige wimbo mpya. Polisi, Magereza, jeshi, mashirika ya umma, wote walikuwa na bendi. Watu wanane, kumi, kumi na watano walikaa pamoja mazoezini mchana na ukumbini usiku, mwaka hadi mwaka, mpaka mkono wa mpiga besi ukajua mwimbaji atavuta pumzi wapi. Wimbo uliwapitia wachezaji kwanza. Ukipwaya watu wakarudi kukaa vitini, ulirekebishwa. Ndipo bendi ikaenda studio ya Redio Tanzania, wakapiga wote kwa pamoja. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Redio ilikuwa moja na ilikuwa ya serikali, na ndiyo iliyoamua wimbo upi upite. Wanawake wengi hawakuisogelea maikrofoni. Wapigaji waliotuchezesha miaka thelathini walizeeka bila senti ya rekodi zao. Tena tunachosikia leo ni kilichobakia tu. Kipindi cha zilipendwa kipo kila redio, cha zilizochusha hakipo.

Sasa sikiliza redio yoyote ya Dar es Salaam kwa saa moja jioni. Kulikuwa na miaka, tangu kama 2013, ambapo kila kitu kilinukia Lagos. Kisha ikaja amapiano kutoka Afrika Kusini, na ile besi yake inayodunda tumboni ikaingia kwenye nyimbo za wasanii wetu wakubwa na wadogo kwa mwendo ule ule, usiofika hata mapigo 120 kwa dakika. Baadhi ya nyimbo hizo ni tamu na nimezicheza harusini bila kuombwa. Lakini mtindo haukuwa wa msanii, haukuwa wa studio, wala wa mtaa. Prodyuza wa Sinza na prodyuza wa Nairobi wanafungua programu ile ile, wanachagua milio ile ile, wanaiweka pale pale. Ndiyo maana siku hizi wimbo unaanza na jina la prodyuza likinong'onezwa, na msanii naye anajitaja kabla ya ubeti wa kwanza. Bendi za zamani nazo zilitajana, nakubali, lakini yule aliyeitwa kwa jina katikati ya sebene alikuwa anasifiwa kwa kazi ya vidole vyake. Sasa jina lisipotajwa huenda tusijue nani kaimba.

Wasanii siwalaumu sana. Nao wana bosi wao. Mtandao kama Spotify hauhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, na TikTok inataka kipande kifupi cha kuchezea. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Ohio State ulionyesha kwamba kwenye nyimbo zilizofika kumi bora Marekani, utangulizi wa ala ulipungua kutoka zaidi ya sekunde 20 katikati ya miaka ya 1980 hadi takriban sekunde 5 mwaka 2015. Fikiria Sikinde wanaambiwa waanze kuimba kwenye sekunde ya tano! Gitaa la solo halijamaliza hata kusalimia. Na msanii wa leo, ambaye hana mshahara wa chama chochote, akijaribu jambo geni na likapuuzwa wiki ya kwanza, gharama ya studio na ya video anaitoa mfukoni mwake. Ukiwa na deni hilo, nawe ungemwomba prodyuza akufanyie kama ule uliopendwa mwezi jana.

Ningekuwa nimemaliza hapo kama si singeli, ambayo inaharibu hoja za wazee vibaya sana. Ilizaliwa uswahilini, kule Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye shughuli za mitaani na vigodoro vinavyokesha. Nyuma yake uko mchiriku wa miaka ya 1990, na vinanda vyake vidogo vya Casio vilivyokorogwa kwenye spika mbovu. Vijana walichukua vipande vya taarabu na vya chochote kilichokuwa karibu, wakavikimbiza kwa kompyuta za bei rahisi mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika, kisha mtu akasimama juu yake na kughani maneno bila kumeza mate. Hakuna muziki unaojirudia kuliko huo. Kipande kimoja kinaweza kuzunguka dakika nane nzima. Programu zake ndizo zile zile za Sinza, mara nyingi hata hazikununuliwa. Na bado ukiusikia mahali popote duniani huwezi kukosea umetoka wapi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na tangu hapo vijana hao wamepanda majukwaa ya Ulaya ambayo wengi wa wale wanaotawala redio zetu hawajayakanyaga.

Kwa nini wao? Nadhani ni kwa sababu mtu waliyetaka kumridhisha alikuwa mbele yao, anacheza kwenye vumbi, na akichoka anasema. Walikuwa na ukumbi, ingawa ni uchochoro uliozibwa kwa turubai. Redio haikuwataka, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kufanana na redio. Sasa inaanza kuwataka, mastaa wanaomba singeli "laini kidogo", na baadhi ya hizo laini nimezisikia: zimepunguzwa kasi, zimeongezwa kiitikio cha mapenzi, zimeoshwa sauti. Nyingine zimetiwa hadi ile besi ya tumboni.

Kwa hiyo mgeni akiniomba nimpeleke mahali asikie jambo ambalo hajawahi kulisikia, simpeleki Masaki. Namtafutia kigodoro Jumamosi, bora wahusika wawe wametupa mwaliko, na namwambia mapema kwamba hatutaelewana kwa maneno mpaka asubuhi.