Nyuzi Sita za Anthony Jackson

Asubuhi hii natamani tulitafakari gita la besi la umeme, ambalo, tangu Leo Fender wa Marekani alipoanza kuliuza mwaka 1951, wapigaji walio wengi waliliridhia kwa nyuzi zake nne, kana kwamba idadi hiyo ni sharia. Anthony Jackson, kijana wa New York, alisikia moyoni sauti nzito kuliko uzi mzito kabisa, na nyingine nyembamba kuliko ule mwembamba kabisa; basi akamwendea fundi Carl Thompson, akamwagiza amuundie gita la nyuzi sita, nalo likakamilika mwaka 1975.

Mwenye kununua dukani huchagua katika vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo cha watu wote, bali mwenye kuagiza hana budi kwanza aijue nafsi yake: upana wa kiganja chake, uzito utakaostahimilika begani, sauti aitakayo na mti utakaoitoa, kisha amwamini fundi, asubiri. Nami nastaajabia zaidi yaliyofuata, kwani gita lile la kwanza halikumtosheleza Jackson, nyuzi zake zilisongamana mno, naye hakuivunja azma yake, akaagiza jingine na jingine, hata akawafikia mafundi Vinnie Fodera na Joey Lauricella kule Brooklyn, ambao mikononi mwao alipata chombo alichodumu nacho kwa furaha miaka mingi. Leo vijana hununua besi za nyuzi sita madukani, na viwanda huziunda bila ya kushangaa.